Mstari wa Kijani na Tanuri la Bi Zuhura

Namshukuru Mola aliyeumba mwanga kabla ya macho ya kuutazama, akakipa kila kitu kipimo chake, kisha akatuachia sisi waja wake kazi ya kukisoma kipimo hicho taratibu na kukikosea mara nyingi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na watu wa nyumba yake, na kila aliyesema kweli hata pale kweli ilipochekwa.

Vijana wangu, mnaniuliza nilifanya kazi gani ujanani, na kila nikijibu mnacheka kabla sijamaliza. Leo naandika, maana karatasi haimkatizi mtu.

Nilikuwa mtu wa maabara. Nyumba yetu ilikuwa Malindi, Mji Mkongwe, kuta zake nene za mawe na chokaa, dirisha lake na la jirani karibu kiasi cha kupeana chumvi kwa mkono. Asubuhi tulipima mafuta ya karafuu, samli na siki, tukatazama kama muuzaji ametia maji au ametia ujanja. Hiyo ndiyo kazi tuliyoajiriwa. Alasiri, katika ile miaka ya mwisho ya sitini, tulikuwa na kazi ya pili: kutazama kama ulimwengu umebadilika.

Haya, chekeni, lakini msiache kusoma.

Mkuu wetu alikuwa Maalim Mbarouk. Alianza chuoni kwa msahafu, akaenda skuli, akasomea kemia ng'ambo, akarudi na shahada na kikohozi. Macho yake yalijulikana mjini kuliko jina lake. Ukifika mwezi ishirini na tisa wa Shaabani au wa Ramadhani, watu walikuwa wakimwangalia yeye kabla ya kuangalia mbingu. Akisema ameuona mwezi, kadhi humsikiliza. Na kadhi wetu hakuwa mtu wa kusikiliza ovyo. Alitaka mashahidi wawili waadilifu, akiwaweka mbalimbali, huyu ukumbini na yule uani, akimuuliza kila mmoja peke yake: pembe zake zimeelekea wapi? Ulikuwa juu ya nini? Wakipishana, wote wawili huambiwa waende wakale daku.

Aliyetuletea kazi ya pili alikuwa mtaalamu wa Kijerumani aliyekuja kutufundisha vyombo vipya. Jina lake lilikuwa refu, herufi zimegongana ndani yake kama abiria, basi mji ukamwita Bwana Taa. Alikuwa na taa moja ya kulinganishia vipimo. Ikaungua wiki ya kwanza, akaambiwa nyingine iko njiani kwa meli. Kila siku akipita bandarini kuulizia taa yake. Mimi nimestaafu, na taa ile bado iko njiani.

Siku moja alimwendea Maalim, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Maalim, mimi nina swali moja tu maishani. Namba za Mungu, zamani na leo, ni zile zile?"

Maalim akaweka chini chupa ya siki. "Kaa kitako," akamwambia.

Nitawaeleza kama nilivyoelezwa. Kitu kikiwaka, mwanga wake ukipita katika kioo cha pembe tatu, hutawanyika rangi. Na kila kitu kina rangi zake, kama kila ukoo ulivyo na pua yake. Chembe mbili za kaboni zikishikana ndani ya moto, hutoa mkanda wa kijani wenye ukingo mkali upande mmoja, na upande wa pili unafifia kama kanga iliyochuja. Ukitazama vizuri ndani ya mkanda, utaona ni ngazi: mistari myembamba, kipago juu ya kipago. Upana wa vipago vile haupangwi na mtu. Unatokana na namba za maumbile: kiini cha chembe kina uzito gani mbele ya kile kidogo kinachokizunguka, na vinavutana kwa nguvu gani. Namba hizo zingekuwa nyingine zamani, ngazi nayo ingekuwa nyingine.

Sasa kuna nyota nyekundu ambazo ndani yao mna kaboni ileile iliyoshikana mbilimbili. Mwanga wake umetoka huko kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Mwalimu wa Bwana Taa, kwao Ulaya, aliupiga picha juu ya kioo, na Bwana Taa akaja nayo ndani ya soksi za sufu, ambazo Unguja hazina matumizi mengine. Huko nyotani ngazi ni ya giza, katika moto ni ya mwanga, lakini vipago ni vya kulinganishwa. Moto huohuo ulikuwa ukipimwa katika miji mingine pia. Yeye alitaka na wetu uwemo.

"Kwa nini Unguja?" Maalim alimuuliza.

"Kwa sababu mimi niko Unguja," akajibu. "Na ulimwengu ni pamoja na Unguja."

Kwa neno hilo Maalim akampa chumba.

Kilikuwa chumba cha nyuma, chenye giza na baridi ya kuta. Kona moja palikuwa na mlango wa zamani uliozibwa kwa bati na kupakwa chokaa, na tukalisogeza sanduku la kutazamia rangi, lenye kile kioo cha pembe tatu ndani yake, palepale, kwa sababu meza ilienea vizuri. Kipimajoto tulikitundika karibu na mlango wa kuingilia, mbali kabisa, kwa sababu msumari ulikuwa huko. Nawaomba muukumbuke huo msumari.

Kilichobaki ni moto. Kichomeo kilicholetwa na mtaalamu kilikwisha liwa na kutu kwa hewa ya bahari kabla hakijawashwa. Maalim akafikiri, akasema, "Stovu." Mwali wa buluu wa stovu la mafuta ya taa, likipigwa pampu sawasawa, una kaboni yote unayoitaka. Na stovu zuri kuliko yote mtaani lilikuwa la Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa jirani yetu wa nyuma. Alikuwa akipika mofa, ile mikate ya duara inayobandikwa ndani ya tanuri la udongo. Kila siku, alfajiri, mtaa uliamshwa na adhana na harufu yake. Stovu lake alilitumia kwa chai tu. Nikaenda kuliomba. Akanipa, kwa sharti lirudi kabla ya magharibi bila ya kuchokolewa. Siku ya pili akachungulia dirishani.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba. Mnapika nini humo tangu jana, hata harufu hakuna?"

"Hatupiki. Tunautazama moto."

"Mnautazama."

"Naam."

"Wanaume watatu wazima?"

"Naam."

"Mungu awape kazi, wanangu," akasema, akafunga dirisha.

Hapa niwape ujuzi kidogo, maana hamkusoma ili mcheke tu. Ukitazama katika tundu la chombo kama kile, usilikodolee jicho. Litulize kwanza gizani, usome, uliondoe, ulirudishe, usome tena. Jicho linalolazimishwa huona linachotamani. Na usiguse moto wako kwa mkono wa jasho. Sisi tulitaabika wiki nzima na mstari wa manjano uliong'ara mpaka ukafunika majirani zake, Bwana Taa akidhani ni ugunduzi. Ilikuwa chumvi. Chumvi ya vidole vyetu, ya upepo, ya mji mzima. Unguja yote, ukiitazama katika kioo kile, imeandikwa kwa manjano.

Na jambo la tatu ni la Maalim. Bwana Taa alikuwa akisoma peke yake. Maalim akamkataza. "Hapa tunasoma kama tunavyoshuhudia mwezi," akasema. Basi mimi nikawa naingia, nauweka uzi mwembamba ulio ndani ya chombo juu ya ukingo wa kijani, nasoma namba za gurudumu lake, kisha nauvuruga uzi na kutoka uani. Maalim anaingia, anafanya vilevile. Kila mmoja anamnong'oneza Bwana Taa peke yake. Tukipishana, siku ile haihesabiwi. Bwana Taa aliupenda utaratibu huo mpaka akamwandikia mwalimu wake kwamba amekuta watu wanaojua kazi hii tangu karne nyingi, ila wao hufanya kwa ajili ya sikukuu.

Miezi ikapita, mstari umekaa palepale. Ndipo tukatembelewa na Ndugu Vuai.

Ndugu Vuai alikuwa mratibu wa kamati iliyopita maofisini kukagua maendeleo. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na haraka. Akakaa, akavua kofia.

"Hicho mnachopima, kinabadilika au hakibadiliki?"

"Ndicho tunachotaka kukijua, Ndugu," Maalim akasema.

"Kabla ya Mapinduzi kilikuwaje?"

"Yaonesha kilikuwa hivihivi."

"Na baada ya Mapinduzi?"

"Hivihivi."

Ndugu Vuai akatutazama mmoja mmoja. "Kila ofisi niliyopita imenionesha badiliko. Wa mifugo wamebadilisha hata majogoo. Nyinyi peke yenu ndio mnanambia hivihivi?"

"Ni kitu cha tangu kuumbwa mbingu, Ndugu."

"Basi kimechelewa mno," akasema, akaondoka.

Ikaja Ramadhani, na mvua za vuli. Siku ya kwanza ya kufunga, baada ya adhuhuri, nikaingia chumbani kama kawaida. Nikatuliza jicho, nikauweka uzi. Mstari haukuwako kwake. Nikaondoa jicho, nikalirudisha. Umehama, kidogo, lakini umehama. Nikamnong'oneza Bwana Taa. Akaingia Maalim, akatoka na kikohozi tu, akanong'ona. Bwana Taa akabadilika rangi, akatazama kipimajoto pale msumarini. Joto lilikuwa lilelile.

Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu, vilevile. Na hata vipago vyenyewe vilikuwa vimepanuka kiasi cha unywele.

Siri ya watu watatu haikai. Bwana Taa aliulizwa bandarini kuhusu taa, akajibu kuhusu mstari. Kabla wiki haijaisha Ndugu Vuai alikuwa mlangoni, uso umenawiri.

"Nasikia kimebadilika!"

"Usomaji umebadilika," Maalim akasema.

"Kimekwenda upande gani?"

"Kulia," nikasema mimi.

Uso ukaanguka. "Kulia? Hakiwezi kwenda kushoto?"

Bwana Taa, kwa wema wake, akamfahamisha kwamba mtu akikitazama kwa upande wa pili wa sanduku, kulia ndiyo kushoto. Ndugu Vuai akazunguka upande wa pili, akaona ubao mtupu, akaridhika.

Akasema siku ya Idi kutakuwa na mkutano uwanjani, na kitambaa kinachorwa maneno: HATA MAUMBILE YAMEBADILIKA. Na Maalim Mbarouk atasimama atoe ushahidi kwa kinywa chake, maana mji unayaamini macho yake.

Huko barazani nako kukawa na ushahidi wao. "Maumbile hayabadiliki," walisema wakisubiri magharibi. "Kilichobadilika ni macho ya Maalim. Uzee huo." Mmoja akaongeza, "Kama mstari uliofungiwa sandukuni unamkimbia, mwezi wa hewani je?" Haukupita muda kadhi akamtuma mtu kwa upole: Sheikh anakusalimu, na anauliza afya ya macho yako.

Sasa oneni Maalim alivyobanwa. Mstari ukiwa haukuhama, basi macho yake yameharibika, na ushahidi wake wa mwezi hautapokelewa tena. Na kwa Maalim huo haukuwa ufahari, ilikuwa ni amana aliyorithi kwa baba yake. Mstari ukiwa umehama, inambidi asimame mbele ya Waislamu siku ya Idi awaambie kuwa uumbaji wa Mungu umefuata ratiba ya kamati. Mimi shahidi wa pili sikumfaa kitu. Walisema nimeona alichoona mwalimu wangu kwa sababu ya adabu.

Nilimuuliza atafanya nini. Akasema, "Nimeona mahali ulipokaa. Kwa nini umekaa hapo, sijui. Ushahidi wangu unakomea kwenye jicho. Huko mbele ya jicho naomba msaada kwa Mungu."

Msaada ulikuja baada ya sala ya alasiri. Mvua ilikuwa ikinyesha, tukasali palepale chumbani. Maalim akamaliza, akajikokota kwenye kona, akaegemea ule mlango uliozibwa ili avute tasbihi. Akavuta kidogo. Akageuka, akauwekea ukuta kiganja, kama mama anavyompima mtoto.

"Ukuta huu una homa," akasema.

Nikaugusa. Kweli, ulikuwa wa moto. Na kupitia bati na chokaa ikaja harufu ambayo ilikuwa ikitutesa tangu mfungo uanze, tukidhani ni mtihani wa njaa tu: mofa.

Mnafahamu? Miezi yote kumi na moja Bi Zuhura anapika alfajiri, na sisi tunapoingia baada ya adhuhuri tanuri lake limeshapoa. Ramadhani watu hawali asubuhi. Mikate inatakiwa ya moto wakati wa kufuturu. Basi tanuri linawashwa adhuhuri, nalo liko nyuma ya bati lile, na mbele ya bati lile liko sanduku letu. Kioo cha pembe tatu kikipata joto hupindisha mwanga kivingine, na ile taa ya kulinganishia ambayo ingetuonya, ilikuwa baharini. Na kipimajoto? Kilikuwa kikipima joto la msumari.

Wanangu, hilo litieni akilini kuliko yote niliyoandika: pima joto pale kitu kilipo, usipime pale msumari ulipo.

Nilitaka kukimbia barazani palepale kuwaambia. Maalim akanishika kanzu. "Ukuta wa moto ni dhana. Twende kwa mwenye moto."

Bi Zuhura alikuwa mbele ya tanuri, uso umeiva, kijaluba cha chumvi mkononi.

"Bi Zuhura," Maalim akasema, "tunakuomba kesho usipike."

Akamtazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. "Kesho? Ramadhani? Mtaa mzima ufuturu kwa nini, Maalim? Kwa mstari?"

"Siku moja tu."

"Na ule mstari wako ukikosa siku moja, utakufa?"

"Mimi ndiye nitakayekufa, Bi Zuhura. Kwa aibu."

Akabandika mkate, akafikiri. Alikuwa mwanamke wa haki. "Nshafahamu. N'tapika alfajiri, kama miezi mingine. Lakini mikate itakuwa baridi, na mimi sitaki lawama. Wewe mwenyewe utasimama mlangoni kwangu wakati wa kuuza, umwambie kila mteja kwa nini."

"Nimekubali."

"Kila mteja, Maalim. Hata wale wabishi wa Funguni."

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, ukuta ulikuwa baridi kama zamani. Niliingia kwanza. Nikalituliza jicho mara mbili. Nikauweka uzi. Nikatoka uani, mvuani, nikageukia ukuta ili nisimtazame mtu usoni. Akaingia Maalim. Kisha nikasikia Bwana Taa akipiga kelele kwa Kijerumani, na neno moja la Kiswahili ndani yake: "Nyumbani!"

Mstari ulikuwa umerudi nyumbani.

Alipokwisha kushangilia akakaa juu ya kasha. Mtu aliyekuwa karibu kujulikana dunia nzima alikuwa amepima tanuri. Maalim akamgusa bega. "Umesikitika?"

"Kidogo," akasema. "Lakini ni tanuri limepimwa vizuri sana."

Jioni ile, tulisimama watatu mlangoni kwa Bi Zuhura, na wateja wakaja.

"Mbona mikate imepoa?"

"Tulikuwa tukitazama kama uumbaji umebadilika," Maalim akasema.

"Umebadilika?"

"La."

"Sasa mikate imepoa kwa nini?"

Mzee mmoja alisikiliza maelezo yote, nyota na vipago na bati, akaweka mikate yake kikapuni, akasema, "Alhamdulillahi kwa kuwa ulimwengu u mzima. Lakini mara nyingine jaribuni mwezi wa Shawwal." Na wote wakaenda zao kufuturu mkate baridi. Ila lile baraza, kuanzia usiku ule, lilikuwa na hadithi mbili za kuchagua, na ya tanuri ilikuwa tamu zaidi. Siku iliyofuata Bi Zuhura akawasha tanuri adhuhuri, mstari ukahama tena. Ndipo Maalim akasema sasa ana ushahidi.

Kazi ikawa kumwambia Ndugu Vuai. Alitusikiliza, kitambaa chake kimekunjwa kwapani, rangi haijakauka.

"Kwa hiyo tanuri likiwaka, kinabadilika?"

"Usomaji, Ndugu. Usomaji ndio unaobadilika."

"Basi Bi Zuhura apike alasiri mwaka mzima!"

Bi Zuhura alikuwa dirishani. Hakuwahi kuwa mbali na dirisha. "Nipike alasiri mwaka mzima, watu wale nini asubuhi, kitambaa chako?"

"Dada yangu, ni kwa ajili ya maendeleo."

"Maendeleo yaje kunikandia unga."

Ndugu Vuai akashusha mabega, na hapo ndipo nilipomhurumia. "Nimeshaahidi badiliko," akasema kwa sauti ndogo. "Nitatangaza nini?"

Maalim akamkaribisha karibu yake. "Tangaza kweli. Sema watu wa mtaa huu walikubali kufuturu mkate baridi ili elimu ipatikane, wala hakuna aliyegomba, isipokuwa wachache na kwa adabu. Umeona wapi jambo kama hilo?"

Ndugu Vuai akalifikiri. Akanyanyuka kidogo kidogo kama unga uliotiwa hamira. "Kujitolea," akasema. "Wananchi wamejitolea mikate!" Akatupa mkono wa kuagana, akaondoka na haraka yake. Kitambaa akakisahau.

Sasa mwezi ishirini na tisa. Mawingu tangu asubuhi. Tulisimama ufukweni na watu wengi, uso magharibi, na nilijua kwamba nusu yao wanamtazama Maalim. Jua likazama. Wingu likafunguka kidogo, upana wa kiganja. Nikauona, mwembamba kuliko mstari wowote niliousoma sandukuni. Sikusema kitu. Sikumtazama Maalim. Ndivyo alivyonifunza. Wingu likafunga.

Tukaenda kwa kadhi kila mtu kwa njia yake. Mimi niliwekwa uani, Maalim ukumbini, na dirisha lilikuwa wazi, nikasikia.

"Maalim," kadhi akasema, "inasemekana mstari ulikukimbia."

"Haukunikimbia, Sheikh. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na tanuri."

"Na ulipoulizwa kama uumbaji umebadilika, ulisemaje?"

"Nilisema nimeona mahali ulipokaa, na sijui kwa nini."

"Mtu anayeweza kusema sijui juu ya aliloliona kwa macho yake," kadhi akasema, "huyo ndiye ninayemtaka. Haya, nambie. Pembe zilielekea wapi?"

Hapo dirisha likafungwa, na jibu lake sikulisikia. Kisha nikaitwa mimi, nikaulizwa lilelile, na kumbe tumekutana kila neno. Kadhi akanyanyuka aende kutangaza. Mlangoni akamgeukia Maalim, ndevu zikimcheza. "Na Bi Zuhura leo kawasha saa ngapi?" Wote ukumbini wakaangua kicheko, na mwalimu wangu akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Takbira zikaanza misikitini. Tukapita nyuma ya maabara kwenda kumpa Bi Zuhura habari. Tulimkuta mikono yake imejaa unga mpaka kwenye viwiko, masinia yamepangana.

"Mwezi umeandama, Bi Zuhura. Kesho Idi."

Akasimama. "Umeandama? Na nimekanda unga wa kufuturia kesho?"

"Tumeuona."

"Nani kauona?"

"Mimi na huyu."

"Nyinyi! Hamkuweza siku moja tu kutouona?" Akatazama unga, akatazama mbingu. "Katazameni tena. Pengine kuna tanuri mahali."

Maalim akafuta machozi ya kicheko. "Mimi, Bi Zuhura, nasema nilichokiona."

Basi asubuhi ya Idi, baada ya sala, mtaa mzima ulikula mofa za bure za Bi Zuhura, za moto. Alizifunika kwa kitambaa cha Ndugu Vuai, alichokuwa amekichana vipande kwa ukubwa wa masinia, na sinia letu lilikuwa limeandikwa YAMEBADILIKA. Ndugu Vuai mwenyewe alikuja, akala tatu, akaenda uwanjani kutangaza kujitolea kwa wananchi, akapigiwa makofi.

Kazi yetu ilimalizika miaka ya sabini ilipoanza, sanduku likiwa limehamishiwa kona nyingine na msumari mpya juu yake. Bwana Taa alilinganisha ngazi ya nyota na ngazi ya stovu, akaona vipago vimeafikiana kadiri chombo chetu kilivyoweza kuona. Akataka kumwandikia mwalimu wake: hazibadiliki. Maalim akamzuia. "Andika hatukuziona zikibadilika. Usiseme mwezi haupo. Sema hatukuuona." Akaandika hivyo. Nasikia siku hizi watu wana vyombo vya kuona mara elfu ya sisi, na bado wanauliza swali lilelile, na bado wanajibu kwa adabu hiyohiyo. Moyo wangu hutulia nikisikia.

Bwana Taa alirudi kwao na picha yake ndani ya soksi. Maalim Mbarouk na Bi Zuhura wamekwisha tangulia mbele ya haki. Mola awapanulie makaburi yao na ayatie nuru. Stovu ninalo mimi. Hulipigia pampu jioni, nikachemsha chai, na kabla sijatia birika huutazama kidogo ule mwali wa buluu, nikijua nini kimo ndani yake.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe jicho linaloona kilichopo, na ulimi usiozidisha juu ya kilichoonekana. Akupe jirani wa kukuambia ukweli dirishani, na mwalimu wa kukushika kanzu unapotaka kukimbia. Ayabadilishe ya kwako yanayohitaji kubadilika, akuthibitishie yasiyohitaji, na asikukoseshe mkate wa moto wakati wa kufungua. Amin.